OK: Kutoka Utanini hadi Ofisini

Wapo wanaoamini kwamba barua ya biashara haina la kuhakikiwa. Eti fasihi ni riwaya, tamthilia na ushairi. Barua ya ofisini ni karatasi tu. Makala haya yanapinga dai hilo kwa kutumia neno moja la herufi mbili: OK.

Neno hili lilizaliwa kwa mzaha. Mwishoni mwa miaka ya 1830, waandishi wa magazeti ya Boston, Marekani, walipenda kufupisha maneno, tena baada ya kuyakosea tahajia kwa makusudi. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilichapa "o.k.", kifupi cha "oll korrect", yaani "yote sahihi". Kichekesho ni kwamba kinachodai kuwa sahihi chenyewe kimekosewa!

Mizaha mingi ya aina hiyo ilikufa. Huu uliokolewa na siasa. Katika uchaguzi wa 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, walimwita "Old Kinderhook" na kuunda klabu ya O.K. Wapinzani nao wakazusha kwamba rais aliyemtangulia, Andrew Jackson, hakujua tahajia, ndiyo maana aliidhinisha hati kwa kuandika O.K. Ulikuwa uzushi mtupu. Lakini jamani, tuone nguvu ya kisa: baadaye watu wakaidhinisha hati kwa OK kwelikweli. Hadithi ilitangulia, mazoea yakafuata. Wapeleka simu za maandishi nao wakaitumia kuthibitisha kwamba ujumbe umefika.

Hapo ndipo penye utata. OK ya hati husema "nimekubali". OK ya simu husema "nimepata". Zote mbili zingali hai katika barua za biashara. Muuzaji anatuma bei mpya, mnunuzi anajibu "OK". Je, amekubali kulipa, au amesoma tu? Muuzaji akishapakia mzigo, hilo si suala la mtindo tena, ni fedha za watu.

Asili hii ilifukuliwa na Allen Walker Read katika makala zake za 1963 na 1964. Hakubahatisha, alipekua magazeti ya zamani, akasoma matini pamoja na tarehe na muktadha wake. Si ndiyo kazi tunayofundishwa humu madarasani? Basi sisi tunaosema "oke" kutwa nzima tusiidharau barua ya ofisini. Nayo ni matini, na asiyejua kuisoma huweza kufungwa na herufi mbili.