Pelikule: picha za familia za Lubumbashi zinazobebeka mfukoni

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna bahasha ya zamani iliyotoka studio ya picha. Ndani mna vipande vya pelikule. Watoto wanaona ni uchafu wa kutupa. Lakini kipande kimoja kikiinuliwa mbele ya dirisha, baba anatokea amevaa suti nyeupe na meno yake ni meusi. Kwenye pelikule kila kitu kimegeuzwa: suti ilikuwa nyeusi.

Picha za kwanza za Katanga hazikupigwa na wenyeji. Kati ya 1898 na 1900 msafara wa Charles Lemaire ulizunguka huku pamoja na mpiga picha François Michel. Mji ulipoanza mwaka 1910, kampuni ya Union Minière ilipiga picha viwanda, kambi na wafanyakazi wake, kwa macho ya wakubwa. Ni studio za mtaani ndizo zilizompa mfanyakazi nafasi ya kuchagua nguo yake na jinsi ya kusimama.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya plastiki inayopitisha mwanga. Kampuni ya George Eastman, Marekani, ilianza kuiuza kwa mikunjo mwaka 1889. Kabla ya hapo wengi walitumia vioo, vizito na vyepesi kuvunjika. Plastiki ile ya kwanza iliwaka moto upesi. Iliyoifuata haiwaki hivyo, lakini joto na unyevu vinaiharibu. Bahasha ikinuka siki, pelikule imeanza kuoza. Isifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Itengwe na nyingine, iwekwe penye ubaridi na hewa.

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alionyesha nguvu ya picha hizi za zamani. Katika kazi yake Mémoire, ya mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi kwenye picha za enzi za ukoloni akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Wazee waliofanya kazi humo hawahitaji kuelezwa.

Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Huko Likasi na Kolwezi watu walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Fremu ya ukutani haibebeki katika safari ya namna hiyo. Kipande cha pelikule kinaingia ndani ya Biblia.

Na kipande hicho kinatosha. Kinapigwa picha kwa simu mbele ya mwanga mweupe, rangi zinageuzwa, na uso wa mtu unarudi. Kisha unaweza kuchapwa kwenye plastiki angavu na kubandikwa dirishani, au kutumiwa kuchapa tisheti za kilio. Kwa tisheti, fundi anapaka dawa kwenye kitambaa kilichowambwa, analaza plastiki yenye picha juu yake, anawasha taa. Penye mwanga dawa inakauka na kuganda. Chini ya wino mweusi inabaki laini, maji yanaiosha, na rangi inapita hapo.

Makosa ya kawaida ni mawili. Mashine inayochapa kwa joto inayeyusha plastiki ya kawaida, ikanasa ndani, na fundi anadai pesa. Lazima ile inayovumilia joto. Mashine ya wino nayo inataka plastiki yenye upande mkavu kidogo kwa vidole: wino unashika huo tu, upande mwingine unateleza na kufutika.

Picha za simu hazina pelikule. Simu ikiibiwa njiani wakati wa kukimbia, kama hakuna nakala mahali pengine, hakuna cha kuinua dirishani.

Wenye bahasha wasikate kingo za vipande ili vikae vizuri. Pembeni kuna namba ndogo, na kwa namba hizo familia inajua picha ipi ilitangulia kwenye mkunjo mmoja.