Saratani ya ulimi: Mambo yanayoamua maisha ya mgonjwa

KIDONDA cha ulimi kisichopona kwa majuma mawili hakifai kupuuzwa. Aghalabu mwanzoni hakiumi, na mgonjwa hudhani kuwa amejiuma au ameunguzwa na chai. Hata hivyo, huenda kikawa dalili ya saratani ya ulimi, maradhi ambayo hatima yake hutegemea zaidi wakati yanapogunduliwa.

Nchini Marekani, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 ambao saratani yao haijatoka ulimini huishi miaka 5 au zaidi. Ikishafika mapafuni au viungo vingine vya mbali, kiwango hicho hushuka chini ya nusu.

Daktari hutazama kwanza kina cha uvimbe. Tangu 2018, mfumo wa kimataifa wa kuainisha saratani huupandisha daraja uvimbe uliozama zaidi ya milimita 5, hata ukionekana mdogo kwa juu. Pili ni tezi za shingo. Saratani ikizifikia, uwezekano wa kupona hupungua kwa karibu nusu. Tatu ni mahali ilipoanzia. Ile ya shina la ulimi inayosababishwa na virusi vya HPV hutibika vyema kuliko inayoletwa na tumbaku.

Katika kaunti ya Migori, tumbaku imekuwa zao la biashara kwa miongo mingi, hasa Kuria. Mnamo 2022, serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalizindua huko mpango wa kuwahamisha wakulima hadi kilimo cha maharagwe. Hatari kwa ulimi hutokana na kuvuta au kutafuna tumbaku, na huongezeka maradufu inapoandamana na pombe. Anayeendelea kuvuta sigara akitibiwa hupunguza nguvu za matibabu ya miale.

Homa Bay ina mzigo mwingine. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 5 huko alikuwa na virusi vya Ukimwi. Kinga ya mwili inapodhoofika, saratani hupata mwanya. Anayemeza ARV bila kukosa huwa na nafasi bora ya kustahimili matibabu.

Kisha kuna umbali. Baada ya upasuaji, miale yapaswa kuanza katika majuma 6, nayo hutolewa siku 5 kwa juma kwa majuma kadhaa. Kwa mkazi wa Karungu au Mbita, hiyo ni safari ndefu. Hata bima ikilipia hospitali, nauli na malazi hubaki mzigo wake, na akikatiza tiba, chembe zilizosalia hupata nafasi ya kukua upya.

Mgonjwa hawezi kuchagua kina cha uvimbe alio nao. Anachoweza ni kufika mapema kwa daktari wa meno au kituo cha afya kilicho karibu, aangaliwe chini na kando ya ulimi, na kipande cha kidonda kipimwe maabarani.