Ubia wa Wachimbaji Wadogo
Makubaliano ya watu wawili au zaidi kuchimba pamoja kwa faida. Huko Nyarugusu (Geita) na Mwakitolyo (Shinyanga), mmoja huwa na leseni, mwingine hugharimia duara (shimo la kuchimbia): magogo, pampu, chakula. Mawe yenye madini yakipatikana hugawanywa kwa viroba palepale. Makubaliano mengi ni ya mdomo, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huwataka wabia waaminiane na kutoleana hesabu za kweli; wasipokubaliana vingine, faida na hasara hugawanywa sawa. Pampu aliyoikopa mmoja kwa ajili ya duara, mwenzake aweza kudaiwa, hata kwa mali yake binafsi. Mchimbaji anayelipwa viroba kama ujira si lazima awe mbia. Leseni ya uchimbaji mdogo, chini ya Sheria ya Madini ya 2010, hudumu miaka 7.