Kichwa kikigongwa: jeraha linapona, kumbukumbu inachelewa

Motari anaanguka, kichwa kinapiga kwenye lami. Anapoteza fahamu dakika chache, anaamka, hospitalini wanashona jeraha, na kesho yake anarudi nyumbani kwa miguu. Jamaa wanamshukuru Mungu. Wiki tatu zinapita ndipo shida inaonekana: anasahau bei aliyopatana na mteja, makelele ya soko yanamchosha, anakasirika bure. Wengine wanasema amekuwa mvivu, wengine wanaanza kutafuta mchawi.

Zamani wachunguzi walitaka kujua hasa nani atapona na nani atakufa. Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, kinaangalia macho, maneno na mwendo wa viungo, toka 3 mpaka 15. Mwenye 13 kwenda juu anahesabiwa kuwa na pigo jepesi. Lakini kipimo hicho hakiulizi kama mtu atakumbuka kesho alichoambiwa leo. Neno hilo “jepesi” limedanganya watu wengi.

Siku hizi wagonjwa wanafuatwa miezi na miaka. Mwaka 2019 watafiti wa TRACK-TBI, huko Marekani, walionyesha kwamba kati ya waliopata pigo jepesi na kutibiwa kwenye hospitali kubwa, 53 kwa mia walikuwa bado na shida katika maisha ya kila siku kisha mwaka mzima. Kwa walioumia viungo vingine bila kugongwa kichwa, walikuwa 38 kwa mia. Si yote inatoka kichwani, basi, lakini tofauti ipo.

Juu ya nini skaneri inasema hakuna kitu? Kichwa kikisimama ghafla, ubongo unaendelea kusogea ndani ya fuvu. Nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake zinavutika, zingine zinakatika. Skaneri inaona damu na mifupa iliyovunjika. Nyuzi hizo haizioni. IRM inaona zaidi, ila ni ghali na si kila mji unayo. Ndiyo maana utafiti umegeukia damu: mwaka 2018 Marekani ilikubali kipimo kinachotafuta protini mbili zinazotoka kwenye ubongo ulioumia, ili kujua nani anahitaji skaneri.

Matunzo nayo yamebadilika. Kumfungia mgonjwa chumba cha giza wiki nzima hakushauriwi tena. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudilie kazi ndogo ndogo polepole. Dawa ya kurudisha kumbukumbu kama ilivyokuwa haijapatikana. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida: daftari mfukoni, simu inayolia saa ya dawa, jambo moja kwa wakati.

Tatizo ni kwamba masomo mengi yanafanyiwa Ulaya na Marekani, wakati ajali za barabara zinaua zaidi katika nchi maskini. Hata vipimo vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma shule za huko. Mama asiyesoma akishindwa kuvijibu, si lazima ubongo wake uwe umeumia.

Kaske nzuri inapunguza majeraha ya kichwa karibu 69 kwa mia kwa wenye moto. Mara mingi motari anayo moja tu, na mteja wa nyuma anapanda kichwa wazi. Aliyegongwa akianza kutapika tena na tena, kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa au kuumwa kichwa kinachozidi, arudishwe hospitali siku ileile.