Rupia ya Koko iliyopigwa tupa

Koko alipofariki aliacha kopo la maziwa la bati. Ndani mlikuwa na rozari, kadi ya ubatizo iliyoliwa na mchwa, shanga kidogo, na pesa moja ya fedha yenye tundu. Kopo hilo lilivuka ziwa mwaka 1996 likiwa limefungwa ndani ya kitenge, kutoka upande wa Fizi mpaka Kigoma, halafu Nyarugusu. Sasa shangazi na watoto wake wamepata safari ya Marekani, na swali limekuja: nani aichukue hiyo pesa, na wajukuu waambiwe ni ya nini?

Mjomba ana jibu lake tangu zamani. "Ile Rumaliza mwenyewe alimupa babu yetu," anasema. Wanaomfahamu Rumaliza wanajua neno hilo ni zito. Muhammad bin Khalfan, ndiye Rumaliza, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, na biashara yake ilikuwa pembe na watu. Kupewa fedha na mtu huyo si jambo dogo: ulimfanyia kazi gani? Mjomba anajivunia ukubwa wa jina. Shangazi hataki kusikia, anasema watoto hawatabeba habari ya utumwa mpaka Marekani. Wamenuniana karibu mwezi mzima. Mimi nikaona tuiulize pesa yenyewe.

Upande mmoja haujaguswa. Kuna neno RUPIE, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, matawi yamezunguka, na mwaka: 1, 9, halafu 1 tena, tarakimu ya mwisho imelika kabisa. Chini kuna herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha Hamburg. Upande wa pili ndipo ilipaswa kuwa sura ya Kaisari Wilhelm wa pili na kofia yake ya vita yenye tai. Hakuna. Mtu ameipiga tupa mpaka ikawa laini kama kucha, akachora msalaba mdogo, akatoboa tundu juu yake.

Rupia za kwanza za Wajerumani, kuanzia 1890, zilikuwa za kampuni, na nyuma yake zina ngao yenye simba na mtende. Hizi za matawi zilianza 1904, serikali ilipochukua kazi ya kutoa pesa na kugawa rupia katika hela 100 badala ya pesa 64. Rumaliza alishindwa vita na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwaka 1894, akaondoka katika nchi hizi. Wajerumani walijenga boma Ujiji mwaka 1896. Kwa hiyo pesa ya mwaka wa kumi na kitu haikuweza kutoka mkononi mwa Rumaliza wa ziwani. Mjomba akanijibu kwamba vitabu vimeandikwa na wazungu. Sawa, lakini mwaka ulio juu ya pesa tunausoma sote, na yeye miwani anayo.

Basi ilivukaje? Njia ya kwanza ni biashara tu. Chumvi ya Uvinza ililiwa pande zote za Tanganyika, mitumbwi ilikwenda na kurudi na samaki wakavu na mafuta ya mawese, na rupia ilipokelewa kwa sababu ni fedha halisi: gramu 11.66, sehemu 917 kati ya 1000. Njia ya pili ni vita. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilishuka mpaka Kigoma na Ujiji, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba, na nyuma yake walitembea wapagazi wa Kongo wengi mno, wengine hawakurudi. Njia ya tatu watu huisahau: Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka 1921. Miaka mitano hiyo pande zote mbili za ziwa zilikuwa chini ya bendera moja. Mtu wa Fizi angeweza kwenda kutafuta kazi Kigoma na kurudi na rupia bila kuulizwa na mtu. (Sisi leo kwenda Kasulu tunaomba kibali.)

Mimi naegemea hiyo ya tatu, na sababu ni tupa. Mtu mwenye pesa inayonunua chumvi haiharibu. Upande wa Tanganyika Waingereza walileta florini mwaka 1920, kisha shilingi, na rupia ikaacha kuwa pesa. Ikabaki chuma cheupe kizuri, cha kupelekwa kwa fundi. Wengi wanadhani sura ilifutwa kwa hasira dhidi ya Mjerumani. Inawezekana, ila ukiitundika kwenye uzi utaona jambo: msalaba unasimama wima, na yale maandishi ya nyuma yanalala ubavu. Fundi hakujali yameandikwa nini. Alitafuta mahali pa kuchora msalaba, na sura ya mfalme ilikuwa imekalia mahali hapo.

Kuna fundi dhahabu mmoja aliyeiweka kwenye mizani yake ndogo. Ilikuja gramu tisa na kidogo. Zile mbili zilizopungua ni unga wa tupa na lile tundu, na fundi hatupi unga wa fedha.

Halafu jina. Sisi wa Fizi tunasema franga. Hela, neno la Mjerumani, tumelikuta hapa Tanzania. Lakini Koko, ambaye hela hakuitamka hata mara moja, kitu hiki alikiita rupiya. Kilivuka na jina lake.

Shangazi ndiye atakayeondoka nacho. Nimeandika karatasi ya kuweka ndani ya kopo: kwanza yanayosomeka juu ya pesa, chini yake ninayodhani mimi, na mwisho, kwa sababu Mjomba hakukubali kopo lifungwe bila hilo, maneno yake kuhusu Rumaliza. Ameyatia sahihi mwenyewe.