Kutawaza, Kutawazwa na Kujitawaza

Vijana wetu waliozaliwa ugenini huniuliza tofauti ya kutawala na kutawaza, na wako wanaolichanganya hili la pili na kutawadha, tukacheka sote. Sarufi yake ni nyepesi: kama tusemavyo lala na laza, ndivyo tawala na tawaza. Anayetawaza humkalisha mwenziwe katika utawala. Wengine hulinasibisha na taji. Lakini Masayyid wa Unguja walivaa kilemba, na neno likatumika vile vile. Siku hizi limehamia mpirani, timu hutawazwa mabingwa. Rais, yeye huapishwa.

Uzito wa neno hili umo katika kujua nani aliyetenda. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na siku ile ile Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani akakikalia kiti. Kwa waliomfuata, mwana wa Barghash alikuwa amekaa mahali pake. Kwa Waingereza, walioiweka nchi chini ya himaya yao tangu 1890, huko kulikuwa ni kujitawaza, maana ridhaa yao haikutakwa. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba, na vita havikufika saa nzima. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kidachi, na siku hiyo hiyo Sayyid Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Na nani? Neno lenyewe halisemi, nasi tumezoea kulisoma pasi na kuuliza.

Oman jambo hili lina njia yake, nayo ni baia: watu humpa mtawala mkono wa utii. Alipofariki Sultan Qaboos, Januari 2020, barua aliyoiacha ilifunguliwa, na Sultan Haitham bin Tariq akashika nchi.

Kinyume cha kutawaza ni kuuzulu. Sayyid Ali bin Hamoud alijiuzulu mwaka 1911, akafuata Sayyid Khalifa bin Harub aliyekaa hadi 1960. Wa mwisho kutawazwa Unguja ni Sayyid Jamshid bin Abdullah, Julai 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakamtoa, akaishi Uingereza miaka mingi, akahamia Oman 2020 na huko akafariki Desemba 2024, Mungu amrehemu. Kwake yeye siandiki kuwa alijiuzulu. Neno hilo lataka hiari ya mtu.