Pataliputra na Kitabu Kisichoutaja

Mwaka 1909 R. Shamasastry, mkutubi wa Mysore, alichapisha Arthashastra, kitabu cha Kisanskriti kuhusu utawala kilichodhaniwa kuwa kimepotea. Tangu hapo wengi wamekisoma kama picha ya Pataliputra, mji mkuu wa Chandragupta Maurya, aliyetwaa ufalme wa Magadha mnamo mwaka 321 KK. Mapokeo yanamtaja mwandishi wake, Kautilya, kuwa ndiye Chanakya, waziri aliyewaangusha wafalme wa Nanda. Kwa maoni yangu, mji wenyewe unaupinga usomaji huo.

Megasthenes, balozi wa Seleukos kwa Chandragupta, aliueleza mji mrefu kando ya Ganges, wenye ukuta wa mbao, minara 570 na malango 64. Hesabu zake unaweza kuzitilia shaka. Mbao huwezi, kwa maana wachimbaji walizifukua Bulandi Bagh, ndani ya Patna ya leo. Arthashastra inakataza ngome ya mbao kwa kuwa ni makao ya moto, na katika vitabu vyake 15 haiutaji Pataliputra wala ukoo wa Maurya. Atajibu mtu kwamba waziri huandika yanayopaswa kuwa, na kwamba aliyeishi ndani ya mbao ndiye angezihofia zaidi. Jibu hilo lina uzito, na kwa ushahidi wa kuta peke yake nisingethubutu kuhukumu.

Lugha ndiyo inayonishawishi. Sura ya amri za mfalme inampa karani makundi ya maneno ya wanasarufi wa Kisanskriti, ilhali Ashoka, mjukuu wa Chandragupta, alichongesha amri zake kwa Kiprakriti, na huko kaskazini-magharibi kwa Kigiriki na Kiaramu pia. Maandishi marefu ya kifalme ya Kisanskriti, yale ya Rudradaman kule Junagadh, yanakuja mnamo mwaka 150 BK. Ni kweli kwamba Panini alikwisha kutunga sarufi yake zamani, hivyo msomi wa Magadha angeweza kuandika Kisanskriti. Lakini kwa nini awafunze makarani kanuni za lugha ambayo ofisi zao hazikuiandikia?

Inabaki beti inayomsifu mwandishi kwa kuinyakua nchi kutoka kwa Nanda. R. P. Kangle aliitetea kauli hiyo kwa elimu kubwa. Hata hivyo, Thomas Trautmann, katika utafiti wa mwaka 1971, alihesabu viunganishi vidogo ambavyo mwandishi huvitumia bila kufikiri, akaona kuwa vitabu vikubwa vya Arthashastra havikutoka mkononi mwa mtu mmoja. Waziri mmoja akikosekana, beti hiyo haiwezi kuufunga mkusanyiko mzima na Pataliputra ya Chandragupta.